Pasi ya Siku Tatu

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Ruiru nikimngoja mjukuu wangu aje kunichukua, lori likapita limebeba maganda ya kahawa. Hayakuwa makavu. Yalikuwa yale ambayo yamemenywa yakalala siku mbili tatu, yakachacha, yakaanza kutoa ile harufu tamu na ya kuoza kwa pamoja. Vijana waliokuwa karibu nami wakaziba pua. Mimi nilitafuta jiwe nikakaa. Siku hizi kahawa imebaki vipande vipande katikati ya magorofa, na wengi hawajui kwamba harufu ile ndiyo iliyokuwa hewa yetu. Sisi tuliozaliwa kwenye laini za shamba tulilala nayo na kuamka nayo. Lakini kuna msimu mmoja ambao harufu hiyo imeukalia, na kila nikiinusa namwona baba yangu amenyoosha mikono, viganja juu, akingoja kumiminiwa.

Laini zetu zilikuwa mbili, ya juu na ya chini, vyumba vya mawe vilivyopangwa bega kwa bega, na sisi tulikuwa laini ya chini. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kumenya buni. Mama alichuma kwa debe, ndugu yangu Kariuki akiwa mgongoni, mtoto wa miezi mitano aliyekuwa na mashavu ya kuchekesha watu. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Nilipewa jina la mama yake Baba, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza, na kwetu jina halitolewi mikono mitupu. Baba aliniita Maitu, yaani mama, na aliniita hivyo bila mzaha. Nikikosea, Mama alisita kunichapa mbele yake, kwani utamchapaje mama mkwe? Mimi nililichukua jambo hilo kwa uzito wake wote. Niliamini kwamba mimi na Shosho, bibi yangu huyo, ni mtu mmoja aliyegawanywa, nusu kubwa na nusu ndogo, na kwamba chochote alichoweza yeye nilikiweza mimi.

Shosho mwenyewe nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Aliishi upande wa Gatuanyaga, kule kukavu mashariki ya Thika, kwa dada yake Baba ambaye tulimwita Tata Wambui. Tata alikuwa ameolewa na Mkamba mmoja mpole aliyeitwa Mutua, aliyekata mkonge katika shamba la huko. Kutoka kwetu hadi kwao haikuwa mbali, lakini miaka ile ya hali ya hatari Mkikuyu hakutoka shambani bila pasi, karatasi ya ruhusa, na pasi haikupatikana. Kila Jumatatu wanaume walipanga foleni mbele ya ofisi ya karani tangu umande haujakauka, na wengi walirudishwa. Baba alipanga foleni hiyo mwaka baada ya mwaka. Nilizoea kumwona akirudi kutoka pale na kofia mkononi, akisema labda mwezi ujao.

Kisha homa ikaja. Nyinyi wa rika langu mtaikumbuka. Ilikuja msimu wa kuchuma, buni zimeiva hadi matawi yanainama. Wakubwa walisema imetoka ng'ambo kwa meli hadi Mombasa, ikapanda treni kama abiria mwingine yeyote. Wengine walisema imeletwa na Wahindi wenye maduka Thika, na kwa wiki kadhaa watu walipita mbele ya maduka hayo wakiwa wameshika pumzi, ingawa Wahindi nao walikuwa wakiugua na kufa kama sisi. Kwetu ililetwa na Mama Karanja wa laini ya juu, mama mcheshi aliyekuwa na ruhusa ya kupeleka ndizi sokoni Thika. Alirudi mchana, jioni akawaka moto, na kabla ya wiki kwisha nyumba nne za laini ya juu zilikuwa na wagonjwa na mzee mmoja alikuwa amezikwa. Nyapara akatangaza kwamba nyumba yoyote itakayosikika ikikohoa itafungiwa mlango wiki mbili, hakuna kazi, hakuna posho.

Baada ya hapo nilishuhudia jambo ambalo hata leo linanishangaza. Ile foleni ya pasi ilikufa. Jumatatu ilifika, ofisi ikafunguliwa, na hapakuwa na mtu. Watu waliokuwa wakilia usiku na mchana kwamba wamefungiwa kama kuku, ambao walikuwa na wake huko Murang'a na wazazi Githunguri, ghafla wakasema aah, shambani si pabaya. Aliyekuwa amepangiwa harusi aliiahirisha. Aliyefiwa na kaka yake alituma salamu. Mzungu mwenye shamba hakuwa amekataza mtu kwenda popote. Miguu ndiyo iliyokataa.

Mimi nilisikiliza hayo yote nikajitungia elimu yangu. Homa, nilijua, ni kitu cha barabarani. Inakaa njiani kama siafu, na anayepita ndiye anayepandwa. Asiyesafiri hana homa na hawezi kuwa nayo. Ndiyo maana sikuona ubaya wowote kukutana na Karanja, mtoto wa yule mama, penye mfereji wa maji ya kiwanda, tukatafuna muwa mmoja kwa zamu. Karanja hakuwa amesafiri, mama yake ndiye aliyesafiri. Na siku chache baadaye nilipoanza kukohoa kikohozi kidogo kikavu, sikukidhania kuwa cha homa ile. Nilichoogopa ni nyapara, kwa hivyo kila kiliponikaba nilikimbilia katikati ya mibuni nikakohoa huko hadi kikaisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini mimi sikujua nina maradhi. Mama alinisikia mara moja akauliza, nikamwambia ni vumbi.

Katika siku hizo hizo Mutua alikuja kwa baiskeli. Kwa kuwa yeye hakuhitaji pasi kama sisi, alipita barabara nzima bila kusimamishwa, lakini nyapara alimwona kabla hajavuka mstari wa mikaratusi iliyokuwa mpaka wa laini.

"Simama hapo hapo! Unatoka wapi?"

"Gatuanyaga. Nimepitia Thika."

"Basi ongea ukiwa huko huko. Masikio tuko nayo."

Baba aliitwa kutoka kiwandani. Akasimama upande huu wa miti, Mutua upande ule, na sisi sote wa laini ya chini tukatoka milangoni kusikiliza.

"Ndugu," Mutua alisema, "mama amelala. Ni hii homa. Leo ni siku ya tatu hali kitu. Anakuita."

"Amesema nini?"

"Amesema hawezi kufunga mdomo kama hajakutemea mate. Wambui ameshapata yake. Umebaki wewe peke yako."

Wanawake wakashika midomo. Kwetu, wakati ule, mzazi aliyeona safari yake imefika aliwaita watoto wake, akawatemea mate viganjani, nao wakajipaka usoni na kifuani. Ndio urithi ambao hata asiye na shamba wala mbuzi aliweza kuuacha. Aliyeukosa aliishi maisha yake yote kama nyumba isiyo na mlango. Na mzazi aliyekufa akiita bila kuitikiwa, mwito wake uligeuka kuwa laana, na laana ya mzazi haina dawa. Kwa hivyo Baba hakuwa akiitwa kwenda kusimama kizingitini, kupunga mkono na kurudi. Alikuwa akiitwa kwenda kupokea kwa mikono yake, na kujipaka usoni, kile kile ambacho shamba zima lilikuwa likikikimbia.

"Mwambie nakuja," Baba alisema.

Jioni hiyo Mama hakula. Alikuwa akimnyonyesha Kariuki, macho yake kwenye moto.

"Mimi sikukatazi kwenda kwa mama yako," alisema. "Mama ni mama. Nakuuliza tu, ukirudi na hayo mate usoni, huyu utamshika na mkono gani?"

Baba alimtazama Kariuki mpaka Kariuki akaachia titi na kumcheka.

Kesho yake alikwenda kwa karani, nikamfuata nyuma kama kawaida yangu. Karani alikuwa kijana mwenye miwani, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akitabasamu. Siku hiyo alikuwa amekaa peke yake akijichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti.

"Thika?" alisema. "Wewe ndio wa kwanza wiki hii nzima. Nikuandikie siku ngapi? Tatu? Tano?"

"Tatu zinatosha."

"Wewe chukua tano, mzee. Hakuna mtu anagombania."

"Tatu," Baba alisema.

Akagonga muhuri. Miaka yote ile ya foleni, na sasa haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Baba aliikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati, juu ya moyo, akaipigapiga kwa kiganja.

Siku ya kwanza ya pasi nilimbebea kifurushi hadi kituo cha basi Ruiru. Kulikuwa na viazi vikuu vya kuchoma ndani yake na nguo moja mpya ya Shosho. Basi la kutoka Nairobi lilikuja likiwa karibu tupu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kondakta alikuwa amejifunga leso puani kama mwizi.

"Thika, Thika! Panda mzee, leo kiti ni ya kuchagua!"

Ndani niliona abiria watatu, kila mmoja kwenye dirisha lake, na mmoja wao alikuwa mwanamke aliyejifunika blanketi katika jua lile, akikohoa. Baba aliweka mguu mmoja kwenye ngazi. Akashika chuma cha mlango. Kisha akautazama mkono wake pale ulipokishika, akauondoa, akaupangusa kwenye suruali.

"Nimesahau kitu," alisema.

"Kitu gani? Mzee, sisi tunaenda!"

"Nimesahau."

Basi liliondoka. Njiani tukirudi alisimama penye mto akanawa mikono kwa mchanga, akanawa tena, nami nikamwuliza amesahau nini nikakimbie kukileta. Akaniambia, "Nyamaza, Maitu." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Siku ya pili aliondoka alfajiri kwa miguu, akisema atafuata reli na hatagusana na mtu. Jua halijafika utosini alikuwa amerudi. Alisema watu wa mahali fulani wameweka matawi ya miiba njiani, wakamwambia anayekwenda Thika apite lakini asirudi kwa njia hiyo.

"Sasa?" Mama aliuliza.

"Sasa nimerudi."

Miaka mingi baadaye aliniambia mwenyewe kwamba miiba ile hata mbuzi angeiruka. Lakini siku hiyo tuliizungumzia kama ukuta wa jela, na Mama akampikia uji mzito kama mtu aliyetoka safari ndefu. Siku ya tatu hakuvaa zile nguo za safari. Alivaa gunia lake la kazi akaenda kiwandani, pasi ikiwa bado mfukoni, haijaisha.

Mchana wa siku hiyo Mama alikwenda kuchukua posho na Kariuki mgongoni. Mimi niliachwa nyumbani kufukuza kuku. Nikaona baiskeli ya Mutua imesimama nyuma ya mikaratusi, naye ameishika, amekonda kama mpini wa jembe. Nyapara hakuwepo.

"Baba yuko wapi?" alinipigia kelele.

"Kiwandani."

"Sitafika huko. Njoo, lakini usinikaribie. Naweka hii kwa jiwe. Mimi nikirudi nyuma, wewe uchukue."

Alikuwa ameleta kibuyu kidogo, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, kimezibwa kwa gunzi. Akakiweka, akarudi nyuma hatua nyingi.

"Mwambie baba yako haya ni mate ya mama yake, na asali. Ameyatema mwenyewe leo asubuhi, sisi tukiona. Mwambie mama amesema hivi: sina neno na wewe, kaa na watoto wako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Nikarudia. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akapanda baiskeli akaenda.

Nilikichukua kibuyu kwa pindo la gauni, mkono wangu usikiguse. Nikakaa nacho katika mibuni, na naapa sijawahi tena kufikiri kwa bidii kama nilivyofikiri siku hiyo. Kibuyu kilikuwa kimetoka Gatuanyaga. Kilikuwa kimepita Thika. Kwa elimu yangu kilikuwa kimesafiri, na kilichosafiri kimepandwa na homa. Baba angejipaka usoni, angelala kama Mama Karanja, angezikwa kama yule mzee. Lakini pia nilimwona alivyokuwa akikaa siku hizo, mgongo umepinda, hasemi na mtu, na nilijua anachokingojea. Nilimpenda baba yangu kuliko kitu chochote duniani. Sikutaka afe, na sikutaka akose.

Kisha jibu likanijia, rahisi kabisa. Mimi ni Shosho. Jina ni lake, hata Baba mwenyewe ananiita mama. Na mimi sijasafiri.

Nilimwaga kile kilichokuwemo chini ya mbuni wa kwanza. Kilikuwa cha rangi ya chai, na harufu ya asali ilipanda kutoka kwenye udongo. Nilikiosha kibuyu mara tatu katika mfereji. Nyumbani tulikuwa na kipande cha sukari guru ambacho Mama alikiweka kwa ajili ya dawa ya Kariuki, nikakimega, nikakiyeyusha katika maji mpaka rangi ikafanana. Kisha nikatema mate. Nilitema mara moja, nikaona ni kidogo, nikatema tena. Nikasema thaai, kama nilivyowasikia wazee wakiombea amani. Kikohozi kilinijia katikati ya thaai, nikageuka pembeni kukohoa, kisha nikamalizia na kukiziba kibuyu kwa gunzi lake.

Baba aliporudi nilimpa, nikamwambia maneno yote kama nilivyoyarudia mbele ya Mutua. Hayo maneno sikuyabadilisha. Sina neno na wewe, kaa na watoto wako. Alipiga magoti pale pale mlangoni. Mama, ambaye alikuwa akiogopa kila kitu kilichotoka Thika, alifungua mdomo kusema, akamtazama usoni, akaufunga. Baba alinyoosha viganja, akaniambia nimiminie mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye jina. Nikamimina. Alijipaka usoni, shingoni, kifuani. Akalamba kidole.

"Asali ya Ukambani," alisema. "Mama!" Na akalia kama mtoto, kwa sauti, mpaka majirani wakatoka.

Kisha akalowesha kidole tena, akampaka Kariuki kwenye paji la uso na kwenye midomo, ili naye apate. Kariuki akamumunya, akataka zaidi. Jioni hiyo tulikuwa na furaha. Baba aliongea hadi taa ikaisha mafuta, akatueleza jinsi Shosho alivyowafukuza nyuki akiwa na mimba, na Mama akacheka. Nililala katikati yao nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kuliko nilivyowahi kuwa, nikikohoa ndani ya blanketi polepole.

Siku mbili baadaye Baba hakuweza kuamka. Siku ya tatu Kariuki alikataa titi. Mlango wetu ulifungwa, posho ikawa inawekwa kwenye jiwe na mtu anayekimbia. Mama aliwauguza wote wawili kwa majani ya mkaratusi na maji ya moto, na mimi, ambaye kikohozi changu kilikuwa kimeshaisha chenyewe, nilimletea maji. Katikati ya hayo Mutua alikuja nyuma ya miti akapaza sauti kwamba Shosho alifariki jioni ile ile ya kibuyu, kwa amani. Kariuki alikufa siku ya tano, kabla ya mapambazuko, bila kelele. Mama aliendelea kumpakata mpaka jua likachomoza, akimfuta puani. Wanaume wawili wa shamba walimchukua wakiwa wamejifunga leso, wakamzika nyuma ya kahawa, na sisi hatukuruhusiwa kutoka.

Baba alipona. Alitoka kitandani akiwa na miguu kama ya korongo, akakaa kizingitini, kibuyu mkononi. Alikigeuza na kukigeuza.

"Mdomo ulisema hivi," alisema, "mate yakasema vingine."

"Usiseme hivyo," Mama alisema, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria.

"Aliita, sikwenda. Alijua atakachofanya. Amemchukua mtoto wangu."

Akakipiga kibuyu kwenye jiwe kikapasuka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Ningesema ni mimi, angejua mama yake hakumlaani. Lakini angejua pia ni mate ya nani yaliyokuwa kwenye midomo ya Kariuki, na mimi nilikuwa nimeanza kulijua hilo, taratibu, kwa tumbo kabla ya kichwa. Nilikumbuka muwa. Nilikumbuka kikohozi katikati ya thaai. Sikusema. Leo daktari yeyote ataniambia kwamba homa ilikuwa imeshajaa shamba zima, kwamba Kariuki alilala kitanda kimoja nami na angeipata kwa vyovyote, na kwamba mimi nilikuwa mtoto. Nimejiambia hayo mara nyingi, na yananisaidia mchana.

Homa iliondoka kama ilivyokuja. Kabla ya msimu mwingine wa kuchuma mabasi yalikuwa yamejaa tena, foleni ya pasi imerudi na matusi yake yote. Watu walisahau haraka walivyoogopa, au walijifanya. Baba hakurudi kwenye foleni hiyo. Pasi zilifutwa, bendera ikabadilishwa, akanunua kiploti kule Kimbo, Thika ikawa ni nusu saa tu, na bado hakukanyaga. Kaburi la mama yake hakuliona. Dada yake alimtumia salamu kila mwaka na kila mwaka aliitikia kwa mdomo tu. Akiulizwa sababu, alisema mtu haendi alikolaaniwa, na wazee wenzake waliitikia kwa kichwa, wanaelewa. Hakuniita Maitu tena. Mama naye, jina la Shosho likimchoma kulitamka, alianza kuniita "wewe msichana", na aliniita hivyo mpaka alipozikwa.

Nilikuwa na watoto wangu watatu Tata Wambui alipougua mwisho wake. Alituma mtu kwa Baba: aje, wamebaki wawili tu duniani. Baba akasema haendi kwenye boma lile. Nikaona sasa ninazika mtu wa tatu kwa ukimya wangu, baada ya Kariuki na Shosho. Nilimkuta Kimbo, uani, akipukuchua mahindi, nikakaa chini mbele yake nikamweleza yote. Muwa, kibuyu, mbuni wa kwanza, sukari guru. Sikujitetea. Alisikiliza bila kuinua macho, punje zikiangukia kwenye karai.

"Kwa hivyo Mama hakunilaani," alisema mwishowe.

"Hakukulaani, Baba. Alikubariki. Mimi ndiye nilimwaga."

"Na yale maneno?"

"Maneno yalikuwa yake."

Alichukua gunzi jingine. Nilingoja anitukane, anipige hata, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo miaka thelathini.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Sina neno na wewe." Aliligeuza lile gunzi mkononi. "Lakini miaka hii yote nikiulizwa mbona sikwenda, nilikuwa na jibu. Sasa nitasema nini? Pasi nilipewa. Tano nilipewa, nikataka tatu. Basi ilisimama mbele yangu. Hakuna mtu alinizuia." Vidole vyake viliendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje tena. "Heri ungeniachia laana. Nilikuwa nimeizoea."

Nikamwambia gari liko nje, twende kwa Tata, hata leo, hata sasa. Akatikisa kichwa. Akasema atamwangaliaje, mtu aliyepokea kwa mikono miwili wakati yeye alikuwa akinawa mtoni. Akainuka na karai lake akaingia ndani.

Nilikwenda Gatuanyaga peke yangu. Tata alikuwa amelala chini ya dirisha, mdogo kama mtoto, na alinishika mkono kabla sijamwamkia.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko njiani, Tata," nikamwambia.

Akaachia mkono wangu, akageuza uso kuelekea mlangoni, akangoja.